Kusoma Baada ya Kiharusi kwa Mtu wa Lugha Mbili: Mwongozo kwa Anayemuuguza Nyumbani

Maswali ni yale yale. "Baba alikuwa karani, gazeti la Kiingereza alilimaliza kabla ya chai. Tangu apate kiharusi anasoma Kiswahili tu. Anatuchezea?" "Mama anasoma kwa sauti vizuri kabisa, ukimuuliza amesoma nini hajui." "Tumwambie aachane na Kiingereza kwanza, ubongo upumzike?"

Majibu mafupi: hawawachezei, si uvivu, na usimwachishe lugha yoyote. Majibu marefu ndiyo haya yanayofuata. Yanamhusu mtu mzima aliyekuwa akisoma lugha mbili, kisha ubongo ukaumia kwa kiharusi, kwa ajali ya bodaboda au kwa upasuaji wa uvimbe kichwani. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache katika nchi zetu, na foleni zao ni ndefu. Wakati unasubiri zamu, kuna kazi unayoweza kuianza mwenyewe mezani kwako.

Kabla ya yote: ikiwa kusoma kumepotea leo, ghafla, au mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno yanakorogeka, funga ukurasa huu umpeleke hospitali. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na muda huo huisha haraka mkiwa bado mnatafuta gari.

Nadharia kidogo tu

Kusoma kuna vituo vingi. Jicho lione mstari, ubongo utambue herufi, herufi zigeuke sauti, kisha sauti au sura ya neno ifike kwenye maana. Jeraha linaweza kukata kituo chochote. Kupoteza uwezo wa kusoma kwa sababu ya jeraha la ubongo wataalamu hukuita aleksia. Kupotelewa na lugha kwa jumla, yaani kusema, kuelewa na kuandika, ni afasia. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili au kimoja.

Kiswahili na Kiingereza vinatumia jicho moja na herufi zile zile, ila vinaachana njiani. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa: anayejua silabi husoma hata neno asilolijua. Kiingereza kina maneno kama "island", "knife" na "enough", ambayo usipoyajua kwa sura huwezi kuyatamka. Kwa upande mwingine, Kiswahili hubandika mambo mengi kwenye neno moja, na mengi ya hayo huyaweka kichwani mwa neno. Kwa hiyo jeraha lile lile huonekana tofauti katika kila lugha. Ndiyo sababu lazima upime kila lugha peke yake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Miwani yake, iwe imefutwa vizuri.
- Karatasi nyeupe uzikate ziwe kadi, na kalamu nene nyeusi ya kuandikia mabango. Kalamu moja nyekundu.
- Rula, au karatasi ngumu ya kufunika mistari.
- Vitu vya nyumbani: kisu, kijiko, kikombe, ufunguo, sabuni.
- Daftari moja la kuandikia majibu yake.
- Chumba kimya, redio imezimwa, wajukuu wako nje.
- Saa ambayo hajachoka. Kwa wengi ni asubuhi, baada ya chai.

Na ruhusa yake. Mtu mzima hatungiwi mtihani bila kuambiwa. Mwambie: "Baba, daktari atataka kujua kusoma kunaendeleaje. Naomba tujaribu kidogo, tukichoka tunaacha."

Hatua ya 1. Andika alichokuwa akisoma kabla ya kuugua

Usimpime kitu ambacho hakikuwepo. Uliza alisomeshwa kwa lugha gani, alisoma nini kwa hiari yake, na aliandika nini kazini. Mtanzania aliyeishia darasa la saba katika shule ya serikali alifundishwa kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu. Aliyefika sekondari ndiye aliyekaa na vitabu vya Kiingereza. Mkenya anaweza kuzungumza Kiswahili siku nzima sokoni na bado macho yake yakapenda Kiingereza, kwa sababu ndicho alichosomea. Mtu wa Lubumbashi au Bujumbura, badala ya Kiingereza weka Kifaransa. Nacho kina herufi nyingi zisizotamkwa, kwa hiyo hatua za hapa zinamfaa.

Muscat wapo wazee wenye Kiswahili safi cha Unguja ambao maisha yao yote wamesoma herufi za Kiarabu. Ukimpa mzee kama huyo gazeti la Kiswahili akashindwa, kiharusi hakijamnyang'anya kitu. Lugha ya nyumbani nayo, iwe Kichaga, Kiluo au Kihaya, mara nyingi huzungumzwa bila kusomwa, isipokuwa kwenye Biblia au kitabu cha nyimbo. Iandike hivyo hivyo kwenye daftari.

Hatua ya 2. Angalia macho na pande zote mbili

Mtoto wa jicho na kisukari vyote huharibu kusoma bila ubongo kuguswa. Kama hajapimwa macho muda mrefu, hilo lianze.

Kisha kaeni mkitazamana, magoti karibu yagusane. Mwambie atazame pua yako asiondoe macho. Nyoosha mikono yako pembeni, mmoja kushoto na mmoja kulia. Tikisa kidole cha upande mmoja, halafu cha upande mwingine, halafu vyote kwa pamoja. Kila mara aseme au aonyeshe kilichotikisika. Utakachokiona ni kimojawapo cha haya:

- Haoni kidole cha upande mmoja kabisa. Huenda amepoteza nusu ya uoni. Watu husema "jicho la kulia limekufa," lakini funika jicho moja kisha jingine utakuta upande ule ule umepotea kwa macho yote mawili. Shida iko kwenye ubongo. Mtu huyu kwa kawaida akielezwa hujifunza kugeuza macho.
- Anaona kila kidole kikiwa peke yake, lakini vikitikisika pamoja anaona cha kulia tu. Hiyo ni dalili ya kuupuuza upande wa kushoto, na hutokea zaidi ubongo wa kulia ulipoumia. Utamkuta ameacha nusu ya ugali upande mmoja wa sahani na anadai amemaliza. Huyu hajui kwamba kuna kitu anakikosa, na kumwambia mara moja hakutoshi.

Kwa anayesoma na Kiarabu, upande unabadilisha mambo. Kwenye Kiswahili macho huelekea kulia, kwa hiyo aliyepoteza upande wa kulia haoni neno linalofuata, na kasi huanguka. Kwenye Kiarabu macho huelekea kushoto, na anayetaabika hivyo ni aliyepoteza upande wa kushoto. Ukisikia "Kurani anasoma vizuri, gazeti linamshinda," angalia upande kabla ya kuanza kuzungumzia lugha.

Hatua ya 3. Pima Kiswahili kwa sauti

Andika neno moja kwa kila kadi, kwa herufi kubwa zenye nafasi. Chukua makundi manne:

1. Majina ya vitu: kisu, maji, kuku, nyumba, ufunguo.
2. Maneno marefu yenye viambishi: hatukuwaona, nitakupigia, hawajalipwa, hakuna, walimwandikia.
3. Maneno madogo ya kuunganisha: kwa, bila, lakini, katika, ya.
4. Maneno ya uongo: dobefi, lanusi, kitobafu, mesugo. Mwambie mapema kwamba haya hayana maana, asijidhanie amepotewa na akili.

Changanya makundi matatu ya kwanza, la nne liwe la mwisho. Mwonyeshe kadi moja moja bila kumharakisha. Andika hasa alichotamka. Alama ya vema au ya kosa haikusaidii. "Hakuna" aliloliita "kuna" na "hakuna" aliloliita "hamna" ni makosa mawili tofauti kabisa.

*Angalizo:* usipime kwa maandishi anayoyajua kwa moyo. Nimeona familia zikishangilia kwamba mzee amesoma Fatiha yote, au Baba Yetu, au Zaburi ya 23. Alifungua ukurasa, akaona neno la kwanza, ulimi ukamaliza. Ni jambo zuri na litafaa kwenye mazoezi, lakini halikuambii chochote kuhusu kusoma.

*Angalizo la pili:* usimsahihishe wakati wa kupima. Sema "sawa, tuendelee," kwa sauti ile ile kwa jibu sahihi na kwa lisilo sahihi.

Hatua ya 4. Pima maana, peke yake

Hapa Kiswahili hudanganya. Kwa kuwa kila herufi ina sauti yake, mtu anaweza kutamka ukurasa mzima bila kupata maana yoyote, na nyumba nzima ikaamini amepona. Upande mwingine yupo ambaye ulimi umekataa ila anaelewa kila kitu. Kwa hiyo pima maana bila kumtaka aseme.

Panga vitu vitano mezani. Mwonyeshe kadi iliyoandikwa "kisu" aguse kitu hicho. Akifaulu, nenda kwenye amri: "Nipe kijiko." "Gusa ufunguo, kisha sabuni." Kisha weka ya kukanusha katikati: "Usinipe kijiko." Akikupa kijiko huku akitabasamu, umepata habari kubwa kuliko kadi zote za hatua iliyopita.

Hatua ya 5. Pima Kiingereza siku nyingine

Iwe siku tofauti, na siku hiyo maelekezo mpe kwa Kiingereza, au yatolewe na mtu ambaye huzungumza naye Kiingereza. Ukizipima lugha zote mbili kwa pamoja, moja huivamia nyingine.

Chukua maneno yanayofuata tahajia: "market", "hotel", "lamp", "ticket". Kisha yasiyoifuata: "island", "knife", "enough", "busy", "one". Kisha madogo: "of", "but", "with", "not". Rudia vitu vya mezani na amri.

Siku hiyo hiyo ongeza majaribio mawili mafupi. Mpe tarakimu: 7, 15, 240, na ile "1x3" ya kwenye bahasha ya dawa. Halafu aandike jina lake na sentensi moja kwa lugha yoyote, uiweke karatasi pembeni, na baada ya saa moja mwombe asome alichokiandika mwenyewe. Wapo wanaoandika vizuri na kushindwa kusoma mwandiko wao. Daktari Mfaransa Jules Dejerine alitoa taarifa ya mgonjwa wa namna hiyo huko Paris mwaka 1892: mtu huyo aliandika bila shida, tarakimu alizisoma na hesabu alifanya, lakini herufi zilikuwa zimemfungia mlango. Tarakimu zikisalimika, utazitumia sana katika hatua ya 9.

Hatua ya 6. Yasome makosa yake

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, nami naona ndiyo kazi yenyewe. Keti na daftari, mgonjwa akiwa amelala, utafute mtindo.

*Anataja herufi moja moja ndipo apate neno.* K-i-s-u, kisu. Neno likiongezeka urefu, muda unaongezeka. Shida hii iko kwenye kutambua herufi, na kwa kuwa lugha zote mbili zinatumia herufi zile zile, utaikuta kote. Familia hudhani Kiswahili ndicho kilichoumia zaidi, na sababu ni urefu tu: "hatutawasahau" ni herufi 13 kwa mpigo mmoja, ilhali Kiingereza husema hilo hilo kwa maneno matano ambayo refu kuliko yote lina herufi 6.

*Anaacha mwanzo wa neno.* "Hakuna" linakuwa "kuna." "Hakunywa" linakuwa "kunywa." Huyu huenda ni yule anayepuuza upande wa kushoto. Kwenye Kiswahili kosa hili ni la hatari, kwa sababu nafsi, wakati na ukanushaji vyote viko mwanzoni. Ukikata kichwa cha neno, katazo linageuka ruhusa.

*Anaacha mwisho.* "Andikwa" linakuwa "andika," "umetumiwa" linakuwa "umetuma." Rudi kwenye hatua ya 2 uangalie upande wa kulia. Kwenye Kiingereza utaona "s" ya wingi na "ed" ya wakati uliopita zikidondoka, na kwa kuwa neno bado linaeleweka, watu hawalioni kosa.

*Mzizi unabaki, viambishi vinabadilika.* "Walikuja" anasoma "wanakuja," "nitakupigia" anasoma "atanipigia." Macho hayana shida hapa, ni sarufi iliyojeruhiwa. Mara nyingi atakwama pia kwenye "kwa," "bila" na "ya," na hata anapozungumza utasikia maneno madogo yamepungua.

*Anasoma neno jirani kwa maana.* Kadi inasema "kisu," yeye anasema "kijiko." Maneno ya uongo hayawezi kabisa. Watafiti John Marshall na Freda Newcombe wa Uingereza ndio waliolieleza hili kwa makini, mwaka 1966. Ukilisikia usimcheke: herufi zimekataa kugeuka sauti, ameishika maana tu, na maana ikateleza kidogo.

*Kiswahili safi, Kiingereza kinasomwa kama kilivyoandikwa.* "Knife" inakuwa "kinife," "island" inakuwa "izland," "one" inakuwa "one" ya Kiswahili. Maneno ya uongo anayaweza vizuri. Njia ya silabi imesalimika, kumbukumbu ya sura za maneno imeharibika. Mtu huyu angekuwa anasoma Kiswahili tu, huenda asingegundulika.

*Anaona "water" anasema "maji."* Mweke kwenye safu mbili: maana amefaulu, kutamka hajafaulu. Tafsiri ni ushahidi kwamba alielewa.

Atakuwa na zaidi ya mtindo mmoja. Chukua ule unaojirudia sana.

Hatua ya 7. Chagua lugha ya kuanzia

Mwanasaikolojia Mfaransa Théodule Ribot aliamini kwamba yaliyojengeka kwanza ndiyo hudumu, kwa hiyo lugha ya utotoni ndiyo ingebaki. Daktari Mfaransa Albert Pitres mwaka 1895 akasema hapana, ni ile iliyotumika zaidi kabla ya kuugua. Wagonjwa hawajamtii kila mara hata mmoja wao. Wako ambao lugha zote hurudi kwa pamoja, wako ambao moja hutangulia, na wako ambao moja ikipanda nyingine hushuka.

Kwa hiyo mimi huuliza jambo la kawaida zaidi: wiki hii anahitaji kusoma nini? Kama ni ujumbe wa watoto na tangazo la msikiti au kanisa, anza na Kiswahili. Kama ni mhasibu anayetaka kurudi kwenye vitabu vyake vya hesabu, Kiingereza hakikwepeki. Zikilingana, anza na ile aliyopata makosa machache, maana siku za mwanzo anahitaji kufaulu.

Ile nyingine usiizime. Kuzungumza lugha mbili hakukuchelewesha kupona kwake, na kumnyima mojawapo ni kumwondolea watu anaoongea nao kwa lugha hiyo. Mazoezi ya lugha moja mara nyingine husaidia ya pili, mara nyingine hayavuki; hutajua mpaka uipime tena.

Hatua ya 8. Fanya mazoezi

Dakika 15 hadi 20, mara moja au mbili kwa siku. Kila siku kidogo kuliko Jumamosi nzima. Zoezi lifuate mtindo ulioupata.

*Kwa anayetaja herufi:* afuatishe umbo la herufi kwa kidole, mezani au kwenye kiganja chako, huku akiitaja. Mkono mara nyingi huikumbuka herufi ambayo jicho limeisahau. Kisha mpe aya fupi ile ile aisome kwa sauti tena na tena kwa siku kadhaa, mpaka iteleze, ndipo mbadilishe. Kurudia huku kumetumika tangu miaka ya 1970.

*Kwa aliyepoteza upande wa kulia:* kidole chake kitangulie macho. Kabla hajasoma neno, kidole kiende kwanza kwenye herufi yake ya mwisho, kirudi, ndipo asome. Funika mistari ya chini kwa rula.

*Kwa anayepuuza kushoto:* piga mstari mnene mwekundu ukingo wa kushoto wa ukurasa. Sheria ni moja: hasomi mstari mpya mpaka aone nyekundu. Kwenye Kiarabu mstari huo huo unamwonyesha mahali mstari unapoishia.

*Kwa anayekosea viambishi au kukata mwanzo:* kadi za jozi. Kuna na hakuna. Anakunywa na hanywi. Walikuja na wanakuja. Umetuma na umetumiwa. Andika kiambishi kwa rangi nyekundu na sehemu iliyobaki kwa nyeusi. Muulize swali ambalo jibu lake linategemea kiambishi: "Dawa ipo au haipo?"

*Kwa Kiingereza kisichofuata tahajia:* maneno kumi tu, yale anayokutana nayo kweli. Neno upande mmoja wa kadi, picha upande wa pili. Usimfundishe kanuni, maneno haya hujifunzwa kwa sura, moja baada ya jingine.

*Kwa karibu wote:* someni pamoja. Keti kando yake, kidole chenu kimoja chini ya maneno, sauti zenu zikienda sambamba, polepole. Akikwama wewe endelea, atakudaka mbele. Rudieni sentensi hiyo hiyo, safari hii sauti yako ikipungua.

*Angalizo:* usimletee kitabu cha darasa la kwanza. Mtu aliyekuwa akisaini hundi hatafurahia "baba ana kuku." Tumia msimamo wa ligi, Simba na Yanga na pointi zao, ujumbe mfupi kutoka kwa mjukuu, orodha ya sokoni, wimbo anaoupenda. Maandishi mafupi ya mtu mzima yapo mengi.

Hatua ya 9. Linda dawa na pesa

Mpaka umehakikisha maana imerudi, asisome maelekezo ya dawa peke yake, hata kama anatamka vizuri. Kwenye bahasha chora jua na mwezi, na tarakimu kubwa kama tarakimu zake zimesalimika. Dawa za presha na za kuzuia damu isigande hazivumilii "usinywe" iliyosomwa "unywe."

Ujumbe wa pesa kwenye simu ni mtego mwingine. "Umetuma" na "umetumiwa" vinatofautiana mwishoni tu, na matapeli huwapenda sana watu wanaosoma nusu. Mkubaliane kwamba hatumi pesa wala hatoi namba ya siri kabla ya kusoma na mtu wa pili. Simu nyingi za kisasa zina sauti ya kusoma maandishi. Ukiiwasha, chagua sauti ya lugha ya ujumbe wenyewe, maana sauti ya Kiingereza ikisoma Kiswahili hakuna anayeielewa. Na aliyepoteza nusu ya uoni asiendeshe gari wala pikipiki mpaka daktari aseme.

Ikikwama

*Jana alisoma, leo hawezi.* Kama ni kidogo kidogo na amelala vibaya, ni uchovu, ahirisha. Kama ni ghafla na kwa kiasi kikubwa, au kuna dalili nyingine, ni hospitali, tena sasa.

*Anakataa, anatupa kadi, analia.* Huzuni nzito huwapata karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi, na ina tiba. Mwambie daktari. Wakati huo msomee wewe, yeye asikilize tu, usimuulize maswali.

*Kiingereza kinapanda, Kiswahili kinashuka.* Hutokea. Mtafiti Michel Paradis wa Kanada aliuweka mtindo huu kwenye orodha yake ya namna lugha zinavyorudi. Endelea na zote kwa siku za kupishana, andika tarehe, usiogope.

*Anachanganya lugha ndani ya mstari mmoja.* Kwanza jiulize kama nyumbani kwenu hamchanganyi. Kama ni kipya, tumia rangi: karatasi nyeupe Kiswahili, njano Kiingereza, na usizitoe kwenye kikao kimoja.

*Anasoma sentensi, akifika mwisho mwanzo umepotea.* Hilo ni la kumbukumbu zaidi. Kata sentensi iwe maneno matatu au manne, asimulie kila kipande kwa maneno yake.

*Wajukuu wanamsahihisha kila neno.* Wape kazi ya kuandika kadi. Kumsahihisha kubaki kwa mtu mmoja, na si zaidi ya neno moja katika kila mstari.

*Miezi mitatu imepita.* Ni kweli kwamba miezi ya mwanzo ndiyo hukimbia. Baada ya hapo mwendo hupungua lakini hausimami. Rudia hatua ya 3 hadi ya 5 kwa kadi zile zile kila mwezi, ulinganishe na daftari. Macho ya anayeuguza hayaoni mabadiliko ya kila siku, karatasi huyaona.

*Mmepata nafasi kwa mtaalamu.* Nenda na daftari, miwani, majibu ya picha ya ubongo kama ipo, na maelezo ya hatua ya 1. Wengi watampima kwa lugha moja tu, ile wanayoitumia hospitalini. Sema mapema: "Anasoma lugha mbili, na makosa yake hayafanani," kisha fungua ukurasa wa hatua ya 6 umpe.